Mlima Ndiyo Stata Yetu

Jumamosi iliyopita tulimzika Lazaro, kule juu kwenye migomba yao, na mvua ikatunyeshea tangu jeneza lilipotoka ndani mpaka udongo ulipokwisha. Nilivumilia mengi. Nilivumilia matope, nilivumilia kwaya iliyokuwa imempoteza mwimbaji wa sauti ya pili, nikamvumilia hata mshereheshaji aliyetangaza rambirambi kama mtu anayenadi mitumba. Kilichonishinda ni historia ya marehemu. Kijana mmoja wa ukoo, mwenye suti mpya, alisoma kwamba marehemu alifanya kazi ya utingo kwa uaminifu, akapata ajali kazini iliyompotezea mkono wa kulia. Watu wakaguna kidogo kama inavyopasa, kisha ibada ikaendelea. Mimi kinyaa kilinishika, nikaomba njia, nikaenda kusimama nyuma ya banda la ng'ombe. Wafiwa walidhani nalia. Sikuwa nalia, nilikuwa natafuta pa kutemea mate. Ajali ni kitu kinachokuja bila kuitwa. Kilichomla Lazaro mkono nilikiona kikiitwa mwaka mzima, kikikaribishwa na kuvutiwa kiti, na watu waliovaa viatu safi. Wengi wao bado wapo na bado tunawaamkia shikamoo, kwa hiyo nimeona niuandike mwaka ule kabla na mimi sijasomewa historia na kijana wa ukoo.

Nilikuwa binti mbichi, nimetoka chuo cha ufundi na cheti cha umeme wa magari, na gereji iliyokubali kunichukua ilikuwa Daraja Mbili, uwanja wa tope jeusi uliozungushiwa mabati. Mwenyewe alikuwa Fundi Sifaeli, mtu wa kucheka sana, mkarimu wa maneno, ambaye alipima maji ya betri kwa ulimi. Sisemi utani. Alichovya ncha ya kidole kwenye tundu la betri, akalamba, akatema pembeni ya mguu wangu, akatoa hukumu kama muuza pombe: hii bado kali, hii imechacha. Mchana kidole hichohicho kilimega ugali kwenye sahani tuliyokuwa tunakula wote. Meza yetu ya chakula ilikuwa mlango wa gari uliolazwa juu ya matairi, na ukiegemea vibaya grisi inakuandika mgongoni. Mwezi wa kwanza nilikuwa najifanya sina njaa, narudi chumbani kwangu Kijenge kula mkate mkavu. Chumba chenyewe dirisha lilitazamana na choo cha wapangaji wote, kwa hiyo sikuwa nimekimbia kitu. Mwezi wa pili nikaanza kula nao. Njaa haina adabu, lakini hata leo nikimwona mtu akilamba kidole mezani nasogeza kiti.

Mwaka ule ndio taa za LED zilipoingia mjini kwa fujo. Kila mwenye lori alitaka mistari ya buluu chini ya fremu, kijani ndani ya bodi na nyekundu kwenye paji la uso, mpaka gari la kubebea mbolea likaonekana kama ukumbi wa harusi. Mteja wetu mkubwa alikuwa mfanyabiashara mmoja aliyetoka Kilimanjaro zamani, mwenye baa na bucha Kaloleni na lori la kubebea ndizi. Mji mzima ulimwita Mangi, yaani chifu, na hapa pia atabaki Mangi. Alikuwa na tabia ya kuja gerejini na njiti mdomoni, akichokonoa nyama ya jana na kuitema popote ilipoangukia. Siku moja aliniazima kijaribio changu cha umeme, kile chenye ncha kama sindano, nikadhani anataka kukagua waya. Alisafishia kucha. Akanirudishia, akasema "asante fundi mdogo" kwa sauti nzuri kabisa, maana ubaya wa mtu yule haukuwahi kuwa sautini. Lori lake lilikuwa na maandishi MUNGU NI MWEMA juu ya kioo cha mbele, yanawaka herufi moja moja.

Kazi ya taa zile aliifanya Sifaeli kabla sijafika, na aliifanya kwa staili ya mji mzima. Lori lina betri mbili zilizoungwa pamoja, taa zile zinahitaji nguvu ya betri moja tu, basi yeye alichomeka waya kwenye betri moja, moja kwa moja, hakuna fyuzi wala cha kuzizima zaidi ya swichi ndogo chini ya dashibodi ambayo dereva akitaka ataikumbuka na asipotaka basi. Matokeo yake betri moja ilinyonywa kila siku mpaka ikawa maiti, na ya pili, kwa kuwa alteneta, mtambo wa kuchaji, inazilisha zote sawa, ilivimbiwa ikachemka. Betri ikichemka inanuka yai viza. Lori la Mangi likiingia getini ulijua hata ukiwa umefumba macho, na mama ntilie aliyekuwa na kibanda upande wa pili wa mabati yetu alikuwa anafunika sufuria. Huko Kaloleni lilipolala mbele ya baa taa zikiwaka ili kuita wateja, asubuhi lilisukumwa na wapita njia. Kule mlimani lilikopakia ndizi, taa zikiwaka na redio ikiimba mchana kutwa injini imezimwa, hakuna aliyesukuma. Kule dereva aliegesha pua ikichungulia bondeni, jiwe likawekwa mbele ya tairi la nyuma. Wakati wa kuondoka anatia gia ya pili, anakanyaga klachi, utingo anaondoa jiwe, gari linateremka lenyewe na uzito wa ndizi zake, klachi inaachiwa, injini inakohoa na kuwaka. Mlima ndiyo stata yetu, walikuwa wakisema, na walisema kwa majivuno, kwamba betri nzima ni mahitaji ya watu wa tambarare. Ni watu wangu hao, mimi ni Mmeru, nimezaliwa kwenye mteremko uleule, na sijui kosa jingine linalofanana nasi kama hilo.

Utingo ndiye Lazaro. Alikuwa mtu mzima, baba wa watoto waliokwisha kuanza kuolewa, mwenye mikono mipana na midomo iliyopasuka kwa kupiga tarumbeta, maana Jumapili alikuwa kwenye bendi ya usharika wao na ndiyo siku pekee aliyotembea bila kuinama. Siku za lori kuja gerejini alinikuta kwenye ule mlango tuliougeuza meza nikiwa nimekunja uso, akafungua kindoo chake cha loshoro, yale makande yaliyopondwa na mtindi, akanipa kijiko safi alichokifunga kwenye kitambaa. Hakuuliza kwa nini sahani ya wengine inanishinda. Siku moja tukiwa tunakula hivyo, aliutazama mkono wake wa kulia ulivyochubuka, akaniambia kwa taratibu, "Mdogo wangu Aichi, wewe umesoma. Hakuna namna ya kufanya hizi taa zizime zenyewe gari likizimwa? Lile jiwe naliota." Nikamwuliza anaota nini. Akasema anaota linakataa kutoka. Gari limejaa, hendibreki ya lori lile ni jina tu, injini ikiwa imezimwa pedali ya breki inakuwa ngumu kama ukuta, na yeye ameinama mbele ya tairi. Kila siku ya kazi aliutia mkono ule mdomoni mwa gari, na kila siku alimwomba Mungu amrudishie.

Namna ilikuwapo, na haikuwa elimu ya kutisha. Rilei ni kidude cha kukaa kiganjani. Unatafuta waya ambao unapata umeme pale tu ufunguo unapowashwa, unauelekeza kwenye rilei, na rilei ndiyo inayofungulia umeme wa betri kwenda kwenye taa. Ufunguo ukizimwa rilei inaachia, taa zinakufa zenyewe, hata dereva awe amelewa au amesahau jina lake. Nikaongeza fyuzi na kipunguza umeme ili taa zipate umeme kutoka betri zote mbili kwa haki. Nilimwomba Sifaeli ruhusa, akacheka, akasema fanya tu, mazoezi hayaui. Nilishinda chini ya lori lile siku nzima nikidondokewa na maji ya ndizi, yale yanayoganda kwenye nywele na kutia doa jeusi lisilotoka kwenye nguo, na sijawahi kuwa na furaha chafu namna ile. Jioni Lazaro aliwasha ufunguo, MUNGU NI MWEMA ikawaka. Akazima, ikazima. Akarudia kama mtoto na swichi ya ukutani. Wiki zilizofuata lori likawa linawaka kwa stata kama magari ya Wakristo wengine, huko juu na huku chini, na harufu ya yai viza ikapotea. Lazaro alinisimulia kwamba jiwe lipo pembeni ya njia, kuku wanalipandia.

Halafu Mangi akaja kulalamika. Sikuitwa. Nilikuwa nimekaa na sahani yangu upande wetu wa mabati, wao wawili wakawa kwa mama ntilie upande wa pili wanakula mtori wa ndizi na nyama, na bati haifichi siri. Mangi alikuwa anasema kwamba lori lake sasa likizimwa mbele ya baa linakuwa giza kama gari la mtu aliyefilisika, na huko mlimani watu wakija kuuza ndizi hawalioni kwa mbali. Sifaeli akamweleza, tena kwa usahihi, kwamba bila rilei betri zitakufa tena na kule juu watarudi kwenye jiwe. Nilisikia Mangi akivuta mchuzi, akavuta tena, akameza. "Sasa utingo yupo wa nini?" akasema. "Nikiondoa jiwe, si na yeye nimwondoe? Rudisha kama ilivyokuwa." Sifaeli akacheka. Kicheko kile ndicho kilichonikata hamu, kwa sababu hakikuwa cha mtu mbaya, kilikuwa kicheko cha mtu anayemalizia mtori wa kununuliwa. Alirudi akifuta midomo, akafungua boksi la betri, akasokota waya mmoja kuruka rilei yangu na kuirudisha njia ya zamani. Haikumchukua muda wa kumaliza sigara. Nilipomwambia kwamba Lazaro ataumia, alinijibu kwa upole kwamba gari lina mwenyewe, binti, na mwenyewe ameshasema.

Nimewaza sana juu ya neno lile, mwenyewe ameshasema. Mimi sasa nina gereji yangu, nina vijana chini yangu, na ninajua mteja anavyoweza kukushika. Bado linaninukia. Nimeshawahi kumwambia mwenye basi achukue basi lake aondoke, na aliondoka, akaenda kwa fundi mwingine aliyefanya alichotaka, na jioni nilikula kwa raha ingawa kilikuwa chakula kidogo. Watu wanaoniita mkorofi hawakuwahi kula meza moja na Sifaeli. Kwa upande wake Lazaro hakulalamika kwa mtu. Siku aliyogundua taa hazizimi tena, alinikuta gerejini, akanisalimu, akanipa kijiko changu, tukala. Ila tangu siku hiyo alianza kula kwa mkono wa kushoto mara mojamoja, na nilipomwuliza akasema anaufundisha tu.

Masika yalipokaza, Sifaeli alinituma kupanda na lori kwenda mlimani kusikiliza hizo betri, kwa kuwa hata stata ya mlima ilikuwa inasuasua. Barabara ya kule ni udongo mwekundu ambao ukilowa unakuwa kama sabuni. Tulifika, ndizi zikapakiwa asubuhi yote, taa zikiwaka juu ya bodi mchana kweupe, na mimi nilipofungua boksi nikakuta betri moja imekauka kabisa na nyingine inatoa povu kwenye matundu. Nilimwambia dereva, Joshua, kwamba gari hili lisiteremshwe kwenye tope hivi, tungoje ipande betri nyingine kutoka mjini. Akinamama waliouza ndizi walicheka. Mmoja aliniuliza mimi ni mtoto wa nani, kama kweli nimekulia huku, maana tangu lini mtu akangoja betri na mlima upo. Joshua akasema ndizi zitaiva njiani, na kwamba Mangi ameshapiga simu. Akapanda. Lazaro akalipiga jiwe teke na halikutoka, lilikuwa limezama kwenye tope. Akalipiga tena. Kisha akapiga magoti akaanza kulichimbua kwa mkono. Nilipiga kelele Joshua ashike breki, naye alikuwa ameishika, aliapa baadaye na ninamwamini, alikuwa amesimama juu ya pedali kwa miguu yote miwili. Jiwe lilipolegea gari halikungoja ruhusa ya mtu. Lilipita kwanza juu ya mkono, ndipo likawaka. Liliwaka vizuri sana, kwa mlio safi, na Lazaro akabaki amekaa kwenye tope akiuangalia ule mkono kama kitu alichoazimwa. Sitaeleza ulivyokuwa. Nitasema tu kwamba yule mama aliyeniuliza mimi ni mtoto wa nani alivua khanga yake akaufunga, na hakuna aliyecheka.

Hospitali waliukata juu ya kifundo. Mji ukasema ajali haina kinga. Sifaeli alilisema neno hilo mbele yangu akiwa ameshika bisibisi, na rilei yangu ikiwa bado imefungwa kwa skrubu zake ndani ya lori lile, nzima kabisa, imerukwa.

Lazaro alipokuwa amerudi nyumbani na kidonda kimefunga, Mangi alileta sale. Kwa wasiojua, sale ni jani la ule mmea mrefu tunaoupanda mipakani, na kwa Wachaga, kama kwetu, ukimkosea mtu ukamletea jani hilo huwezi kukataliwa. Hata damu husamehewa kwa sale. Anayelikataa, ubaya unahamia kwake. Nilikuwapo kwa sababu Mama Neema, mke wa Lazaro, aliniita nimsaidie kupika, na nilijua hakuniita kwa ajili ya kupika. Walikuja kwa lori lilelile, hawakuona vibaya: Mangi na koti lake la kanisani, mzee mmoja wa ukoo wake, Sifaeli, na Joshua nyuma ya usukani. Sebule ilikuwa ndogo, makochi yamevishwa vitambaa vyeupe, chupa ya chai katikati ya meza. Wakafungua kwa sala. Mangi alikula maandazi kwa sauti na kuusifu usafi wa nyumba. Kisha mzee akasimama, akazungumza vizuri, kwamba shetani aliingilia kati, kwamba Lazaro ni kama ndugu, akalitoa jani akamnyoshea kwa mikono miwili.

Sale hupokelewa kwa mkono wa kulia. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo, wala mimi. Lazaro alitazama jani, akatazama kile kishina kilichofungwa bendeji kilicholala mapajani mwake, na chumba kizima kikatazama naye. Kumpokelea mzee kwa mkono wa kushoto ni tusi. Mzee alibaki amenyosha mikono, mwishowe akasema kwa kuwa hali ndiyo hii, basi mama mwenye nyumba ampokelee mume wake. Mama Neema alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Aliificha mikono yake ndani ya kitenge.

"Mkono uliokatwa siyo wangu, baba," akasema. "Siwezi kuusemea."

Mzee akaliweka jani juu ya meza, kando ya maandazi. Mangi alitoa njiti mdomoni, akamwuliza Lazaro anataka nini, aseme tu, hapa ni nyumbani. Nilitegemea Lazaro atamwambia jambo kubwa. Alimwambia watoke nje. Tukatoka wote. Lori lilikuwa limeegeshwa chini ya nyumba, pua bondeni, taa za buluu zikiwaka mchana kwenye manyunyu, jiwe mbele ya tairi, na harufu ya yai viza imetanda mpaka kwenye kibaraza. Walikuwa wamekuja kuomba msamaha na jiwe.

Lazaro aliwaambia kwamba hakatai sale, yeye ni Mkristo na ni Mmeru, hawezi kukataa. Aliomba kitu kimoja tu. "Leo hamna utingo, Mangi. Liondoe jiwe wewe mwenyewe. Ukishaliondoa nitapokea, kwa mkono wowote mtakaoniambia."

Joshua akapanda kwenye gari bila kuambiwa, akatia gia. Sifaeli aliangalia viatu vyake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakucheka. Mangi alitabasamu, akakunja mikono ya koti, akateremka kwenye tope kwa uangalifu, na nakiri kwamba kwa muda mfupi nilikaribia kumheshimu. Alipiga goti moja. Alipeleka mkono mpaka kwenye jiwe, nikaona vidole vimeligusa. Hapo akainua macho akaliona tairi, kutoka pale linapoonekana ukiwa umepiga goti. Kisha akaurudisha mkono kifuani, akasimama, akapangusa goti kwa leso.

"Nitatuma mtu wa kuliondoa," akasema.

Wakaanza kushuka kwa miguu kuelekea barabara kubwa, Joshua akaliacha gari akawafuata, na mzee ndiye aliyekuwa wa mwisho, akijikongoja kwenye utelezi. Lazaro aliingia ndani akatoka na lile jani. Aliwafuata mpaka kwenye uzio wa masale, akampita mzee, akamfikia Mangi, akamnyoshea kwa mkono wa kushoto.

"Huyo mtu utakayemtuma," akasema, "mpe na hili alilete."

Mangi akalipokea, kwa mkono wa kulia.